Zamu Aliyoigawa Mama

Mama yangu aliogopa korona kuliko kansa iliyokuwa kwenye titi lake. Nikisema hivi kwa watu wa mjini huwa wanacheka, wakidhani nawaletea habari za mshamba wa milimani. Hakuwa mshamba hata kidogo. Kansa alikuwa ameshaizoea; alikuwa akilala nayo, akiamka nayo, akienda nayo shamba la tangawizi na kurudi nayo jioni. Korona ilikuja bila kubisha hodi. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," aliniambia siku moja, na mimi, ambaye ulimi wangu haujawahi kukosa jibu, nikamwambia, "Lakini linakula, mama. Linakula." Aliendelea kumenya ndizi zake.

Mimi naishi Same mjini. Nina mgahawa kando ya barabara kuu, pale mabasi ya Dar es Salaam na Arusha yanaposimama abiria wajinyooshe na kula haraka haraka huku dereva akipiga honi. Mama aliishi juu. Ukifika Gonja unaiacha tambarare na joto lake, unapanda mlima mpaka masikio yanaziba, na hapo ndipo nyumbani kwetu. Baba alishatangulia. Kaka yangu yuko Dar, na yeye ni kaka wa simu: kila uamuzi aliutoa kwa simu, na kila kazi iliyotokana na uamuzi huo ikawa yangu.

Ule uvimbe mama aliuficha kwa muda mrefu. Wanawake wa rika lake hawamwonyeshi mtu titi baada ya watoto kuacha kunyonya. Niliugundua kwa sababu nilimkuta anatwanga kwa mkono mmoja, na mama yangu hajawahi kutwanga kwa mkono mmoja. Tulienda hospitali ya karibu, wakatuelekeza hospitali kubwa ya Moshi, na huko tukaambiwa jina lake. Mpango ulikuwa rahisi kuueleza: atatundikiwa dawa kila baada ya wiki tatu, kwa mizunguko, mpaka uvimbe usinyae, kisha wamfanyie upasuaji. Alipofika nusu ya mizunguko, uvimbe ulikuwa umepungua kiasi kwamba daktari alimwita muuguzi aje auguse. "Mama ana nafasi nzuri," daktari aliniambia. "Ila asiruke." Nililibeba neno hilo mpaka Same kama yai. Asiruke. Kazi yangu ilikuwa hiyo moja tu.

Kule Moshi, wagonjwa wa dripu walikuwa na benchi lao nje ya chumba cha dawa, na benchi hilo lilikuwa na adabu zake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaumwa nini. Waliulizana, "Wewe uko wa ngapi?" wakimaanisha mzunguko wa ngapi. Waliambizana chakula gani bado kina ladha na kipi kimekuwa kama kulamba msumari. Mama alikuwa anakuja na tangawizi ya shambani kwake, ameikata vipande vyembamba, anagawa watu watafune wasitapike. Walitaniana vichwa vyao vilivyopukutika nywele, wakavuliana vilemba na kupimana nani ana kichwa kizuri. Lakini mtu akikosekana tarehe yake, hakuna aliyemuulizia. Walisogea tu, nafasi ikazibika, wakaendelea kuongea mambo ya ndizi.

Kisha ugonjwa ule ukaja. Shule zikafungwa. Mlangoni mwa mgahawa nikaweka ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba, maana watu wa kwetu sabuni huitia mfukoni bila hata kujua. Abiria walipungua. Walioshuka walikula wamesimama, wengine walinunua maji tu wakaogopa hata kushika glasi. Milimani nako wakaanza kuwatazama watu wa barabarani kwa jicho la pembeni, kana kwamba sisi ndio tulioupika ugonjwa huo jikoni.

Nilidhani watu wa benchi la Moshi wangekuwa wa kwanza kuzimia kwa hofu. Wapi! Mwanzoni walicheka. "Sasa dunia nzima imekuwa kama sisi," alisema mmoja wao, na wote wakakubali kwamba ni kweli. Wao walikuwa wamevaa barakoa tangu zamani. Wao ndio waliokimbia mafua ya wajukuu, wao ndio waliokaa nyuma kabisa kanisani karibu na mlango. Kulikuwa na mama mmoja aliyesema kwa mara ya kwanza mawifi zake hawamnunii akikataa kuwapa mkono. Mama yangu naye alilifurahia jambo hilo kwa namna iliyonichoma kidogo. "Zamani nilikuwa mgonjwa peke yangu," alisema. "Sasa tuko wengi."

Chini ya kicheko hicho kulikuwa na jambo jingine, na ilinichukua muda kuliona. Walianza kumeza vikohozi. Mtu akibanwa na kikohozi alijifanya ana simu, akaenda kukohoa nyuma ya jengo. Mwenye homa alijipaka maji usoni kabla ya kupimwa, maana aliogopa kutengwa na kupelekwa upande ule mwingine ambao hawakujua watu wake wanarudije. Na kibaya zaidi, walianza kujipima wenyewe kwa wenyewe. Wazee walisema mambo ambayo hawakuyasema kabla: kwamba wao wameshakula chumvi ya kutosha, kwamba mashine na vitanda wapewe vijana, kwamba si vizuri kung'ang'ania. Hakuna daktari wala muuguzi aliyewaambia hivyo. Walijiambia wenyewe, pale benchini, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Wakati huo benchi lilishawekewa alama za rangi, mtu mmoja hapa na mwingine kule, na viti vya ndani vilitenganishwa, hivyo kwa siku walihudumiwa watu wachache. Sisi wasindikizaji tulitakiwa kubaki nje ya geti. Nikawa nakaa upande wa pili wa barabara na wasindikizaji wenzangu, nikimtazama mama anaingia na kikapu chake mpaka anapotea.

Siku ninayotaka kuisema alitoka mapema. Nikashukuru Mungu, nikadhani leo wamefanya haraka. Alitembea vizuri. Macho yake yalikuwa mazima. Tulirudi Same kwa gari la jirani yangu mmoja, na njia nzima mama aliangalia nje, akanionyesha mkonge, akanionyesha mbuzi wa watu, akaimba kidogo wimbo wa kanisani. Pale mgahawani nilikuwa nimeacha makande jikoni. Siku za dripu nilikuwa nafunika sufuria na kulipeleka uani, kwa sababu harufu ya chakula chochote ilimtoa mama nyongo. Siku hiyo alikaa, akavua barakoa, akasema, "Nipakulie makande, mwanangu. Nina njaa."

Nilimpakulia. Alikula sahani yote. Alipoomba nyongeza, mwiko ulinibaki mkononi.

"Mama," nikasema, "leo umetundikiwa dawa?"

"Kwani mtu kula imekuwa kosa?"

"Mama. Umetundikiwa?"

Akapangusa midomo kwa kanga. "Sikutundikiwa. Nimempa zamu yangu binti mmoja."

Akanieleza, bila aibu yoyote, tena kwa furaha. Binti huyo alikuwa wa Lembeni, Mwislamu, amejifunga ushungi wake vizuri, mwenye mtoto mdogo aliyebaki kwa bibi. Alikuwa amekosa tarehe yake kwa sababu mume aliogopa kumtoa, na siku hiyo alikuja bila kupangiwa, akaambiwa viti vimejaa, arudi baada ya siku mbili. Akakaa chini kwenye sakafu akalia. Mama akamtazama, akaona ana umri mdogo kuliko mimi. Akasimama, akamwambia muuguzi, "Huyu akae kwangu." Muuguzi alimwambia, "Mama, dawa hii haina kuazimana. Tafadhali rudi ukae." Mama akachukua kikapu, akatoka. Muuguzi akamfuata mpaka mlangoni, akampa siku nyingine wiki hiyo hiyo, akamsisitiza aje. Mama akasema sawa, kama wazee wanavyosema sawa.

Hapa inabidi niseme jinsi maji yanavyogawanywa kwetu, maana bila hilo mama ataonekana mtu asiye na akili. Huko juu tuna ndiva, bwawa lililochimbwa na mababu mlimani. Maji ya mto yanajaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa, na kila shamba lina zamu yake. Ukiwa na msiba, au ukiona tangawizi ya jirani inakauka kuliko yako, unampa zamu yako. Hupotezi kitu. Mzunguko ukirudi, zamu yako iko palepale, na jirani atakufa kwa aibu kabla hajakudhulumu. Ila hairuhusiwi kudai katikati. Ukishaitoa, unasubiri mzunguko ujao kwa utulivu. Anayedai kabla ya wakati anaonekana hana adabu. Mama alikuwa ameishi hivyo maisha yake yote. Na pale Moshi kila mtu alisema maneno hayo hayo: zamu yako, mzunguko wako, mzunguko ujao. Angejuaje kwamba ni kitu kingine?

Watani wetu Wachaga hupenda kusema Mpare ni bahili na anapenda kesi. Kwa kesi, sikatai. Nilimfungulia mama kesi palepale, mbele ya sufuria. Nilimwambia kwamba hicho si kilimo. Nilimwambia daktari alisema asiruke. Nilimwambia kwamba binti wa Lembeni ana mama yake mwenyewe, na mimi wangu ni huyu mmoja. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akanijibu kwa Chasu, Kipare chetu, na Chasu cha mama yangu akikasirika huwezi kukitafsiri ukabaki na heshima. Kwa ufupi aliniuliza ni nani aliyenifundisha kuhesabu maji.

Nikampigia muuguzi. Alinijibu kwa upole kwamba kiti cha mama kipo, nimlete siku aliyoambiwa. Kaka naye kutoka Dar akaamua kwa simu kwamba mama lazima arudi. Mama alisema, "Nitarudi mzunguko ujao. Siwezi kwenda kumwomba mtu nilichompa." Na aliposhindwa kunishawishi kwa hilo, alitoa sababu yake ya pili, ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Aliniambia kwamba jengo la pili pale hospitalini limeanza kupokea watu wanaoshindwa kupumua. Alikuwa amewaona. "Mimi hii yangu naijua," alisema. "Ile inakuzima kama kibatari." Kesho yake alipanda gari la Gonja, akaenda zake juu.

Nilimfuata mwisho wa wiki. Nilipofika kwenye mpaka wa shamba, kabla hata sijasema shikamoo, alinipigia kelele kutoka barazani nisimame hapohapo. "Wewe unapikia watu wa mabasi!" Akanitolea kigoda, akakiweka chini ya mibuni ya kahawa, akarudi nyuma, ndipo nikaruhusiwa kwenda kukikalia. Yeye alikaa barazani. Tukaongea kwa kupaza sauti kama watu wawili wanaouziana ng'ombe. Jirani yake, mama wa makamo ambaye shamba lake limepakana na letu na ambaye amenibeba mgongoni nikiwa mtoto, alipita na kuni, akacheka, akauliza kama nimekuja kuposa. Hata mimi nilicheka. Kisha niliporudi kuteremka mlima peke yangu, nilimlilia mama kwa mara ya kwanza. Sikumlilia kwa sababu ya kansa. Nililia kwa sababu alikuwa palepale, hatua chache, na sikuweza kumshika mkono.

Mzunguko uliofuata, mvua ilikata barabara. Udongo uliporomoka juu ya Gonja, na hata ile njia ya miguu ikawa haipitiki kwa mtu wa umri wake. Wanaume waliitana kwenda msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kufukua, lakini nao wakaenda wachache, wakiogopana, na kazi iliyokuwa ya siku moja ikachukua siku nyingi. Mama alinipigia simu kwa sauti ya ushindi wa kipuuzi. "Umeona? Hata ningetaka." Aliniambia yule binti wa Lembeni amempigia, amemaliza wa pili, amepata hamu ya chakula. Walikuwa wanaongea mara kwa mara, wale wawili. Mama alikuwa anamshauri ale nini. Nilijaribu kumchukia yule binti na sikuweza. Kila nikianza namwona amekaa sakafuni.

Mama alipofika Moshi tena, kilikuwa kipindi kingine cha mwaka na alikuwa na kikohozi kikavu. Alikimeza njia nzima. Nilimwona kooni, akikimeza kama mtu anayemeza tonge la moto. Safari hii nilimwomba mlinzi, nikamwomba muuguzi, nikaruhusiwa kuingia mpaka kwa daktari. Daktari alimgusa titi na kwapa. Akaagiza picha ya kifua. Picha ilipokuja aliitazama muda mrefu, kisha akatuambia kwamba ugonjwa umehamia kwenye mapafu, na kwamba upasuaji hauna maana tena. Watampa dawa ya kupunguza maumivu.

Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya ile zamu. Nilitaka aseme ndiyo, na nilitaka aseme hapana. Alisema ugonjwa huu haufuati hesabu za watu, wengine wanamaliza mizunguko yote na bado unahama. Alisema pia kwamba kukatisha dawa hakusaidii. Sijui mtu anafanya nini na jibu kama hilo. Nimekaa nalo mpaka leo.

Mama aliuliza swali moja tu. "Hii ya mapafu inaambukiza?" Daktari akamwambia haiambukizi, ni kansa ileile. Mama akashusha pumzi, akanigeukia, akanishika mkono. Tangu mwezi wa tatu hakuwa amenishika. Tulitoka pale tumeshikana kama wasichana wa shule, na nilijua kwamba ananishika kwa sababu amehukumiwa.

Nilifunga mgahawa, nikapanda mlimani kumuuguza. Bado alinitaka nikae kwanza kwenye jiko la nje, siku alizozitaja yeye, mpaka aridhike kwamba sijabeba kitu cha barabarani, ndipo akaniruhusu kuingia ndani. Alikuwa anakufa na bado anajilinda asife. Zamani ningemcheka kwa hilo. Niliwaza sana habari hiyo nikiwa natazama moto, na nikaona hakuna la kucheka. Kila mtu anataka kuchagua mlango atakaotokea.

Kwetu mgonjwa hutembelewa. Watu huja na maziwa, na mkungu wa ndizi, hukaa, huongea habari za mvua na kesi za mipaka, na mgonjwa akichoka hufumba macho nao huendelea kuongea. Mwaka ule walikuja mpaka mpakani. Waliweka vitu juu ya jiwe, wakapaza sauti, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" na mama alijikongoja mpaka dirishani akawajibu mmoja mmoja. Jirani wa mpakani alileta mboga karibu kila siku. Kisha kikohozi kikawa hakimezeki tena. Kilisikika mpaka shamba la pili. Sauti za mpakani zikakoma. Vitu viliendelea kuletwa, ila nilivikuta tu vimewekwa, na mtu ameshaondoka.

Waliamini ni ile. Kwenye barabara kuu watu walikuwa wanakufa kwa kile kilichoitwa changamoto ya upumuaji, habari zilishafika juu, na mimi nilikuwa nimetoka barabarani. Wapo waliotushauri kwa simu tumfukize. Mama alikataa. "Nimechemshwa vya kutosha Moshi," alisema.

Nilimwambia, "Mama, niruhusu niwaambie ni kansa. Watakuja." Kule juu hakuwa amemwambia mtu jina la ugonjwa wake. Walijua ana uvimbe, walijua ametibiwa, basi.

"Usiwaambie."

"Wanakuogopa bure."

"Waache waogope. Kansa watasema ni ya ukoo. Watawanyooshea vidole wajukuu zangu mpaka wakose wachumba. Korona ni ya watu wote, haina ukoo." Akapumzika, maana maneno yalimchosha. "Wakidhani nimekufa na wenzangu, si vibaya."

Sikubishana naye. Nilikuwa nimebishana naye maisha yote, na hapo nikaona nimeishiwa. Nilimkanda miguu. Alipenda nimkande huku nikimsengenya kaka, na mimi nilimsengenya kaka kwa moyo wangu wote, naye alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, nikiwa namnywesha uji. Alikunywa kijiko kimoja, cha pili kikatoka. Nilimwita. Nilimwita tena kwa jina la utotoni ambalo bibi yangu alikuwa akimwita, ambalo mimi sina haki nalo. Kisha nikaenda kupiga simu: kaka, mchungaji, na yule jirani.

Watu walikuja. Walijaa kwenye kahawa, wamejifunga kanga na mitandio mdomoni, wakaishia mpakani. Wanaume walikaa mbali chini ya mteremko. Wanawake walilia kutoka kule walikosimama. Kwetu mwanamke akifa, wanawake huingia kumwosha, na hakuna anayeitwa. Wanaingia tu, wanajifunga vitenge, wanagawana kazi. Niliteleka maji. Yakachemka. Nikayaweka pembeni, nikasubiri, yakaanza kupoa. Hakuna aliyeingia.

Nikaanza peke yangu. Nilimvua gauni. Kwa miezi hiyo alikuwa amenikatalia kabisa kumfunga kidonda. Alijifungia chumbani na vitambaa vyake na maji ya chumvi, akatoka akinuka sabuni. Nilipofungua kitambaa cha mwisho nikaelewa. Titi halikuwepo tena, mahali pake palikuwa pameliwa mpaka ndani, na alikuwa amepasafisha vizuri, vizuri sana, kama alivyokuwa akisafisha masufuria yake. Alikuwa amelala pembeni yangu na kitu hicho, akicheka nikimsengenya kaka. Nilijaribu kumgeuza nimwoshe mgongo, na mwili wa mtu aliyekufa ni mzito, haugeuzwi na mtu mmoja. Nilijaribu mara ya pili akaniponyoka, kichwa chake kikagonga ukingo wa kitanda, na mimi nikamwomba msamaha kwa sauti.

Hapo ndipo nilipotoka nje, mikono inachuruzika maji. Nikasimama barazani. Nikawaambia wote, wanawake na wanaume na vidole vyao, "Mama yangu hakufa kwa korona. Amekufa kwa kansa ya titi. Ilihamia kwenye mapafu. Ilikuwa inamtafuna tangu kabla ya ugonjwa wenu kuja. Njooni mnisaidie kumgeuza."

Jirani wa mpakani akashusha kanga mdomoni. Niliuona uso wake ukifunguka, ukilegea, nikaona mabega yake yakishuka. "Mungu ashukuriwe," alisema. "Kumbe ni kansa." Na wenzake nyuma yake wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za watu walioletewa habari njema: kumbe ni kansa, kumbe ni kansa tu. Wakavuka mpaka, wakaja mbiombio, wengine wakiwa wameanza kukunja mikono ya magauni.

Jirani alinifikia wa kwanza. Alinikumbatia mzimamzima, mwili wake wote ukiwa na joto na jasho na harufu ya moshi wa kuni, na sikuwa nimekumbatiwa na mtu kwa muda ambao siukumbuki. Nilitaka kumsukuma kwa lile neno alilolisema. Badala yake nikamlalia begani, nikasikia mdomo wangu wenyewe ukimwitikia: ndiyo, mama, Mungu ashukuriwe.